Mizabibu ya Mbotela

Mgeni alifika Jumamosi asubuhi, Mideva akiwa ameinama juu ya beseni akifua koti lake jeupe la maabara. Hakupiga hodi. Alisimama tu kando ya kamba ya nguo, mzee mrefu aliyevaa suti ya kahawia iliyopauka magotini, kofia ameivua, mkononi ameshika mkebe wa Kimbo uliofunikwa kwa gazeti. Hakuna mtu katika nyumba zile za reli za Makongeni aliyekuwa akimtarajia.

"Ni wewe unayefuga ugonjwa wa wadudu?" akauliza.

Shangazi Ayuma, aliyekuwa mlangoni akikanda unga wa mandazi, alicheka mpaka akaegemea mwimo wa mlango. "Ndiye huyo," akasema. "Wenzake hufuga kuku."

Mzee hakucheka. Alichutama, akaondoa gazeti, akamwonyesha Mideva udongo mweusi na funza watano wanene, weupe, waliojikunja kama watoto waliolala. Akasema anaitwa Irungu, fundi wa mawe mstaafu, na ametembea kutoka Mbotela kwa sababu mama mmoja anayenunua mandazi pale alimwambia kuna msichana Makongeni anayeua wadudu bila sumu. Hakutaka chai. Alitaka kujua kama ni kweli.

Ilikuwa Oktoba, mwaka elfu moja mia tisa tisini na tano. Mideva alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, shahada yake haijatimiza mwaka, na hakuna mtu aliyewahi kutembea hata hatua kumi kuja kumuuliza kuhusu kazi yake. Aliikausha mikono kwa gauni, akachutama naye.

Kazi yenyewe aliieleza vizuri, maana aliipenda. Kuna kuvu fulani inayokaa ardhini. Mbegu zake ni ndogo kuliko vumbi. Zikimgusa funza, zinaota juu ya ngozi yake, zinatoboa, zinamla kutoka ndani. Funza anakufa, anavaa utandu mweupe, kisha utandu ule unageuka kijani na kutoa mbegu nyingine za kuwaua wenzake. Mtu haimdhuru, kuku haimdhuru. Katika kituo cha utafiti alikofanya kazi kwa kandarasi ya miezi kumi na miwili, waliikuza juu ya mchele uliochemshwa, na mchele ule ulipokuwa tayari ulionekana kama umepakwa majani ya mchicha yaliyosagwa.

"Na divai?" mzee akauliza. "Mtu akinywa divai?"

Hapo ndipo Mideva alipoijua habari ya mizabibu. Pembeni mwa Mbotela, karibu na njia ya reli, kulikuwa na kanisa dogo la mabati, na nyuma ya kanisa kiwanja chenye mizabibu arobaini na miwili. Mwanzilishi wa kanisa aliileta kama vijiti mwaka wa sitini na nane, akaweka agizo kwamba divai ya meza ya Bwana itoke katika kiwanja hicho na si penginepo. Irungu alikuwa mtunzaji kwa miaka ishirini na miwili. Yeye ndiye aliyefunga waya, aliyepogoa, aliyekamua, na siku ya Pasaka yeye ndiye aliyelibeba jagi kutoka mlangoni hadi mezani, waumini wote wakiwa wamesimama.

Sumu haikuruhusiwa kuingia mle. Funza waliondolewa kwa mikono. Kila Jumamosi akina mama walikuja na vijiti, wakachokora udongo kuzunguka kila shina, wakawatoa funza mmoja mmoja wakiimba, wakawapelekea kuku. Zamani akina mama hao walikuwa thelathini. Sasa walibaki tisa, wengine wamehamia Kayole, wengine wamerudi mashambani, na waliobaki walikuwa na magoti mabaya. Mizabibu mitatu ilikuwa imekauka. Wazee wa kanisa walikuwa wamempa Irungu hadi Pasaka. Ikiwa kiwanja hakitatoa divai, atanyang'anywa ufunguo, na mahali pale pakodishwe kwa mtu aliyetaka kujenga vibanda vya biashara.

"Watasema mtunzaji alizeeka, kiwanja kikafa mikononi mwake," Irungu alisema. "Mimi nina jina hilo tu."

Mideva angeweza kumwambia arudi na barua. Bosi wake, Daktari Munyoki, alikuwa na sheria moja aliyoirudia hadi wafanyakazi wakamwiga nyuma ya mgongo wake: kuvu haitoki nje kabla udongo wa kule inakokwenda haujapimwa, na udongo haupimwi bila fomu. Fomu zilichukua miezi. Mvua za vuli zilikuwa wiki tatu mbele, na kuvu hutaka udongo wenye unyevu. Mideva alipiga hesabu hiyo kichwani, akamtazama mzee akiwarudisha funza wake mkebeni kwa uangalifu kana kwamba angeweza kuwaumiza, akasema, "Nitakuja."

Alikwenda Jumamosi iliyofuata. Hata miaka mingi baadaye aliweza kukiona kiwanja kile kama kilivyokuwa siku hiyo: safu sita zilizonyooka, waya zimevutwa zikakaza, na nguzo za mbao zilizokuwa na rangi ya buluu hafifu tangu chini hadi usawa wa kiuno. Aliipenda buluu ile. Alidhani ni rangi iliyopakwa zamani ikafifia. Aliuliza kama wamewahi kutumia dawa ya kuua wadudu mle, Irungu akajibu kwamba haijawahi kuingia, na Mideva akaandika "hapana" katika daftari lake.

Irungu alimwonyesha na mambo mengine. Alimwambia kwamba mwanzilishi aliagiza kitu chochote cha kiwanja kisitoke nje ya ua. Majani yaliyopogolewa huzikwa pale pale. Makapi ya zabibu baada ya kukamuliwa huzikwa pale pale. Hata maji ya kuoshea ndoo na bomba la kunyunyizia hurudishwa shinani. Mideva alimsikiliza jinsi mtu anavyosikiliza habari za wazee, kwa heshima na bila kalamu.

Kisha akawakusanya akina mama tisa na kuwaambia jambo ambalo lingemuumiza kuliko yote. Aliwaambia waache kuchokora. Jua huziua mbegu za kuvu, alisema, na kila wanapoufunua udongo wanazitoa juani. Waiache ardhi ipumzike hadi Februari, ugonjwa ushike.

Mmoja wao, Lydiah, mwanamke mnene mwenye sauti ya juu aliyelima sukuma wiki nje tu ya lango, alimtazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "na ugonjwa wako ukikataa kushika?"

"Utashika, mama."

"Umeshika hata watu, sembuse funza," mwingine akadakia, wakacheka, na kicheko kile kikamaliza shauri.

Mvua iliponyesha, Mideva aliubeba mchele wa kijani kutoka maabara, kilo mbili ndani ya mfuko wa karatasi chini ya sweta. Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba atamwambia Daktari Munyoki baadaye, akiwa na funza waliokufa wa kumwonyesha, na kwamba hakuna mtu anayekasirikia matokeo mazuri. Yeye na Irungu walichimba mitaro midogo kuzunguka kila shina, wakatia mchele kwa kijiko, wakafukia. Walimaliza saa saba. Ndoo ilipobaki na mabaki, Mideva aliisuuza kwa maji na kuyamwaga nje ya lango, kwenye sukuma za Lydiah. Irungu alinyanyua mkono kama wa kumzuia, kisha akaushusha. Mideva alikuwa mgeni wake, na mzee mwenyewe alikuwa amechoka.

Novemba ikapita, Desemba ikapita. Mideva alikwenda Mbotela mara mbili, akaikuta ardhi imetulia, majani mapana, na akina mama wakimsalimu kwa jina. Hakufukua. Alitaka kuipa kuvu muda. Vijana waliokaa kwenye ukuta karibu na kanisa walikuwa wameshampa cheo, na alipopita walimwita, "Niaje, daktari wa ukungu." Aliwajibu akicheka. Zilikuwa siku zake nzuri.

Katikati ya Januari Lydiah alikuja Makongeni mwenyewe, na jani la sukuma limekunjwa kiganjani. Ndani ya jani mlikuwa na funza wawili, wakavu kama chaki, wamevaa utandu wa kijani. Alisema amewapata katika sukuma zake, kumi na mmoja kwa mapigo matatu ya jembe, na sukuma hazijawahi kustawi namna ile. Alikuwa amemletea fungu la sukuma la shukrani. Mideva alimkumbatia. Kisha, alipokuwa bado amemshika, akauliza, "Na kwenye mizabibu?"

"Si ulitukataza kuchokora?" Lydiah akasema.

Walikwenda pamoja. Irungu alifungua lango. Mideva alichimba shina la kwanza kwa mikono yake, akawahesabu funza kumi na tisa, wote hai, wazito, waking'aa. Shina la pili walikuwa ishirini na wawili. Mizizi myembamba ilikuwa imeliwa ikaisha, imebaki ile minene, nayo imebambuliwa ganda. Mchele wake alioufukia ulikuwa bado pale, umegeuka uji mweusi. Hatua mbili nje ya ua kuvu ileile ilikuwa inaua. Ndani ya ua ilikuwa imekufa yenyewe.

Irungu alichukua kijiti kilichokuwa kimeegemezwa ukutani tangu Oktoba, akapiga magoti, akaanza kuchokora.

Mideva alijaza udongo katika mifuko miwili, mmoja wa ndani na mmoja wa nje, akampelekea Ndambuki, fundi wa maabara ya udongo, kijana mpole asiyeuliza maswali mengi. Majibu yalirudi siku ya Alhamisi. Udongo wa Lydiah, aliyeutia majivu ya jiko mwaka baada ya mwaka, haukuwa mchachu hata kidogo. Ule wa mizabibu ulikuwa mchachu kupita kiasi, na ndani yake kulikuwa na madini ya shaba mara nyingi zaidi ya udongo wowote ambao Ndambuki aliwahi kuupima.

"Nani alikuwa anamwaga shaba hapa?" Ndambuki akauliza.

Mideva alikaa kwenye stuli. Aliziona nguzo zile za buluu.

Ilikuwa mrututu. Kila mkulima wa mizabibu anaujua, yale mawe ya buluu yanayoyeyushwa majini na kunyunyiziwa majani msimu wa mvua ili yasishikwe na ukungu, ambao nao ni aina ya kuvu. Irungu hakumdanganya. Aliulizwa habari za wadudu, na mrututu haukuwa wa wadudu. Ulikuwa wa majani, na mwanzilishi mwenyewe ndiye aliyeuleta. Mahali pengine sehemu kubwa ya maji yale ingeenda na majani yaliyotupwa, na ndoo zilizooshwa mbali. Lakini mle hakuna kilichotoka. Miaka ishirini na saba majani yenye mrututu yalizikwa, maji ya kuoshea yalirudishwa mashinani, na makapi yaliyochacha yaliendelea kuuchachusha udongo, na kadiri udongo unavyochacha ndivyo shaba inavyoachiliwa na kuwa kali. Mrututu uliwekwa pale kuua kuvu. Naye Mideva alikuwa ameleta kuvu.

Alilijua hilo. Ndilo lililomkosesha raha. Alikuwa amelijibu swali la shaba na kuvu katika mtihani wa mwaka wa tatu, akapata alama zote.

Alimweleza Irungu Jumamosi hiyo, wakiwa wameketi kwenye ngazi ya kanisa. Alieleza polepole, na mzee alisikiliza akizungusha kofia mapajani.

"Kwa hiyo ni sisi tuliouua ugonjwa wako," mwishowe akasema.

"Hapana, Mzee. Mngeendelea kuchokora mngekuwa na divai. Mimi ndiye niliyewakataza."

Akina mama walirudi na vijiti, na Mideva alichokora nao kila Jumamosi hadi kucha zikameguka. Lakini walikuwa wamechelewa miezi mitatu. Februari majani yaligeuka manjano kuanzia kingoni. Zabibu zilibaki ndogo, ngumu kama pilipili manga, kisha zikanyauka shadani. Mwanzoni mwa Machi Irungu alikamua zote zilizopatikana, na maji yake hayakujaza kikombe.

Kama mambo yangeishia hapo, Mideva angebaki na huzuni ya kawaida. Lakini maneno yakaanza. Watu walikumbuka kwamba mtunzaji ndiye aliyewaruhusu akina mama wasije. Wakajiuliza kwa nini. Mtu akamwona Irungu akizungumza na yule wa vibanda, salamu tu ya barabarani, na kufikia katikati ya mwezi ilikuwa inasemwa wazi sokoni kwamba mzee amekula pesa ili mizabibu ife. Lydiah aligombana na watu watatu kwa siku moja. Haikusaidia kitu.

Irungu alikuja tena Makongeni, safari hii akapiga hodi. Alikunywa chai ya Shangazi Ayuma hadi tone la mwisho. Alionekana amepungua ndani ya suti yake. Akasema wazee wa kanisa wangekutana mbele ya waumini Jumapili ya mwisho kabla ya Pasaka. Ufunguo alikuwa tayari kuurudisha. Hilo alikuwa amelikubali. Hakuja kuomba mizabibu irudi, kwa kuwa alijua haitarudi.

"Nataka usimame tu," akasema. "Useme sikuwakataza akina mama kwa uvivu wala kwa hongo. Useme niliambiwa na mtu aliyesoma, nikaamini. Dakika moja."

"Nitasimama, Mzee."

"Si lazima uniahidi. Wewe bado kijana."

"Nimekuahidi."

Lilikuwa jambo dogo, na alilitamka kwa wepesi. Jumatano Daktari Munyoki akamwita ofisini. Mbele yake palikuwa na kitabu cha vipimo cha Ndambuki, kimefunguliwa kwenye sampuli mbili zisizo na namba ya fomu. Munyoki hakuwa mtu mbaya. Alimwambia akae. Akasema hataki kujua udongo ule umetoka wapi, maana akijua itambidi aandike, na akiandika, mtu aliyetoa kuvu nje bila ruhusa hawezi kubaki kituoni. Wafadhili wangefunga maabara nzima kwa jambo kama hilo. Kandarasi ya Mideva ilikuwa juu ya meza, miaka mitatu mingine, na mwisho wake nafasi ya kusomea shahada ya pili. Angeitia sahihi Jumatatu.

"Mradi tu hakuna karatasi itakayonifikia," akasema. "Unanielewa, Mideva? Kazi hii inakuhitaji. Wakulima wengi zaidi ya hao wanaihitaji."

Alimwelewa. Na jambo lililomsumbua usiku huo na usiku uliofuata ni kwamba daktari alisema kweli. Alijaribu kuandika maneno ambayo yangemsafisha Irungu bila kutaja kituo. Kila alivyoyageuza yalisikika kama ya mtu aliyeletwa kumtetea rafiki yake. Shangazi Ayuma, alipoambiwa yote, aliuliza kama koti la maabara linahitaji kupigwa pasi kwa Jumatatu. Mideva akasema hajui.

Jumapili kanisa lilijaa hadi mlangoni. Irungu alikaa benchi ya mbele, peke yake. Hakuna aliyetaka kuketi karibu naye. Mchungaji Nahashon alisoma ripoti ya kiwanja kwa ufupi, akauliza kama kuna mwenye neno kabla wazee hawajaamua. Mideva alisimama kutoka nyuma.

Alisema jina lake na mahali anapokaa. Alisema yeye ndiye aliyeleta kuvu, yeye ndiye aliyewakataza akina mama, na kwamba mtunzaji alifanya kila alichoambiwa na hakupokea kitu kutoka kwa yeyote. Alieleza habari ya mrututu kwa sentensi chache, ili wasidhani ni laana. Alisema hakuupima udongo. Alisema alipaswa kuupima, na kazi hiyo ingechukua siku nne.

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa amekunja mikono, akasema kwamba msichana yeyote anaweza kusimama na kujiita msomi. Watamjuaje? Mchungaji Nahashon akamtazama Mideva kwa upole, akasema kwamba lingekuwa jambo jema kwa mzee Irungu kama kanisa lingeweza kuandikia huko anakofanya kazi na kupata uthibitisho. Akauliza kama kuna ugumu wowote.

Irungu aligeuka kwenye benchi. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu asimame. Hakujua lolote kuhusu Munyoki wala kandarasi, Mideva hakumwambia. Lakini labda aliona kitu usoni mwake, kwa sababu alitikisa kichwa kidogo, kana kwamba anamwambia yanatosha, akae.

"Hakuna ugumu," Mideva akasema.

Akataja kituo. Akataja jina la Daktari Munyoki na sanduku la posta. Karani wa kanisa, aliyekuwa na kalamu inayokwama, alimwomba arudie, na Mideva akarudia taratibu, herufi kwa herufi, akamngoja amalize kuandika.